Mbwa mwenye limfoma: kulinganisha njia tatu za tiba kabla ya kidonge cha kwanza

Siku nilipomvua Jimi kola ili nimwogeshe, mkono wangu uligusa vitu viwili vigumu chini ya taya lake, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ndimu. Havikumuuma hata nilipovibana. Nilipoendelea kupapasa nilikuta vingine mbele ya mabega na nyuma ya magoti. Alikuwa na miaka tisa, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, na bado alikuwa anakula vizuri na kukimbia hadi getini kila aliposikia pikipiki. Wiki moja baadaye nilikuwa nimekaa mbele ya daktari wa mifugo nikielezwa kwamba ile ni limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, na kwamba zipo njia tatu: mpango wa dawa nne zinazopokezana kwa takribani miezi mitano, sindano ya dawa moja kila baada ya wiki tatu, au vidonge vya prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, peke yake. Nilitakiwa kutoa jibu kesho yake asubuhi.

Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliye katika usiku kama ule. Jambo ambalo ningependa alijue mapema ni kwamba tofauti ya njia hizi si kwamba moja inaponya na nyingine haiponyi, kwa sababu limfoma ya mbwa hupona kabisa kwa nadra sana, hata tiba inapotolewa kwa ukamilifu. Zinatofautiana kwa idadi ya siku njema anazozipata mbwa, kwa gharama ya siku hizo, na kwa kazi inayowaangukia watu wa nyumbani. La pili, ambalo lina uzito zaidi kwa mtu ambaye bado hajaamua, ni kwamba njia ya tatu, ukishaianza, huanza kuzifunga zile mbili za kwanza.

Kwanza, hakikisha kwamba ndiyo yenyewe

Katika nchi zetu tezi zilizovimba si lazima ziwe saratani. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza bakteria aitwaye Ehrlichia canis, na mbwa aliyeambukizwa anaweza kuvimba tezi, kupata homa, kutokwa na damu puani na kupungukiwa na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mahali penye mbung'o, vimelea vya jamii ya trypanosoma, ambayo huleta nagana kwa ng'ombe, humpata mbwa pia, na hapo tezi huvimba na macho huweza kuingia ukungu. Magonjwa hayo yana dawa zake, na ni huzuni kubwa mbwa kuagwa kwa saratani ambayo hakuwa nayo.

Kipimo cha kutofautisha si kigumu. Daktari huchoma tezi kwa sindano nyembamba, huvuta chembe kidogo, huzipaka kwenye kioo na kuziangalia kwa hadubini. Mara nyingi hilo linatosha kuitambua limfoma ya kawaida, na mbwa hahitaji hata dawa ya usingizi. Iwapo daktari yuko tayari kuanza tiba kwa kupapasa tu, omba kipimo hiki kwanza, pamoja na cha vimelea vya damu. Uliza vilevile kama sampuli inaweza kupelekwa maabara ili ijulikane kama limfoma hiyo ni ya chembe B au ya chembe T (aina mbili za chembe nyeupe za damu), kwa maana ile ya B kwa kawaida huitikia tiba kwa muda mrefu zaidi, na jibu hilo linaweza kubadilisha uamuzi wako.

Ipo saratani nyingine ambayo watu wengi wanaofuga mbwa Afrika Mashariki huikuta kabla ya limfoma, na kwa saratani hiyo ulinganisho huu wote hauhitajiki. Ni ule uvimbe wa sehemu za siri, mwekundu, wenye sura ya koliflawa, unaotoa damu kidogo kidogo, na mara chache hutokea puani. Chembe za uvimbe huo zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana, kunusana na kulambana, hivyo kwa asili si chembe za mwili wa mbwa anayeugua: chembe ya kawaida ya mbwa ina kromosomu 78, ilhali za uvimbe huo huwa kati ya 57 na 64 hivi. Wataalamu wa jeni wamezifuatilia hadi kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Hutibiwa kwa sindano ya vinkristini peke yake mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi nane, na zaidi ya mbwa tisa kati ya kumi hupona kabisa. Kwa saratani hiyo sioni sababu ya kusitasita, na inaniuma kila ninaposikia mbwa ameuawa kwa ajili yake wakati dawa yake ni moja na inajulikana.

Kidonge kisichopaswa kutangulia

Prednisoloni inapatikana karibu kila duka la dawa, bei yake ni ndogo, na ukimpa mbwa mwenye limfoma utaona tezi zikinywea ndani ya siku chache. Hapo ndipo mtego ulipo. Dawa hiyo huziua chembe nyingi za limfoma, lakini zile zinazosalia ni zile zilizojifunza kuzisukuma dawa nje ya kuta zao, na ujuzi huo hauishii kwa prednisoloni; unazihusu pia vinkristini na doksorubisini. Mbwa aliyekaa kwa wiki kadhaa akimeza prednisoloni kisha akaletwa kuanza tibakemikali (tiba ya dawa za kuua chembe za saratani, yaani zile njia mbili za kwanza) ana nafasi ndogo zaidi ya kupata nafuu kamili, na nafuu yenyewe huwa fupi. Aidha, tezi zikishanywea, kipimo cha sindano kinaweza kukosa cha kuonyesha.

Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, aliniletea vidonge hivyo kutoka akiba yake ya pumu. Nilikuwa nimekwisha kuvivunja nusu ili nimpe Jimi pamoja na ugali. Kilichonizuia ni simu ya daktari, aliyeniambia kwamba isipokuwa mbwa anashindwa kupumua au hali yake inaharibika kwa kasi, siku tatu au nne za kungoja uamuzi hazina hatari kubwa, lakini wiki tatu za prednisoloni zina hatari. Tangu siku ile naamini kwamba swali la kwanza la kujibu ni kama tibakemikali ingali inafikiriwa hata kidogo. Kama jibu ni ndiyo, au ni labda, kidonge kingoje.

Njia tatu, moja kando ya nyingine

Mpango wa dawa nne huitwa CHOP, kwa herufi za majina ya dawa zake: saiklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, baadhi yake kwa majina yake ya zamani au ya kibiashara. Dawa haziingii zote siku moja. Wiki ya kwanza mbwa huchomwa vinkristini, ya pili hupewa saiklofosfamidi, ya tatu vinkristini tena, ya nne doksorubisini, na ya tano hupumzika. Kisha mzunguko huanza upya, mpaka itimie mizunguko minne, yaani matibabu 16 katika wiki 19. Prednisoloni hutolewa nyumbani wiki nne za mwanzo tu, kwa kipimo kinachopungua kila wiki, kisha husimamishwa. (Vinkristini hutokana na mmea wenye asili ya Bukini (Madagaska), ule wenye maua ya waridi na meupe unaopandwa katika bustani nyingi za pwani. Asije mtu akachemsha majani yake kwa ajili ya mbwa, kwa sababu mmea wenyewe ni sumu, na kipimo cha dawa hii huhesabiwa kwa sehemu ndogo za miligramu.)

Njia ya pili hutumia doksorubisini peke yake. Huingizwa kwa mshipa, polepole, kwa muda wa robo saa hadi nusu saa, kila baada ya wiki tatu, kwa kawaida mara tano. Ukihesabu, ni miezi mitatu tu kutoka sindano ya kwanza hadi ya mwisho, na safari tano za tiba badala ya 16, ingawa kipimo cha damu cha katikati huongeza safari nyingine. Njia ya tatu haina sindano wala miadi mingi. Ni prednisoloni kila siku mpaka itakapoacha kufanya kazi.

Sasa matokeo. Mbwa mwenye limfoma ya tezi za mwili mzima asipotibiwa kabisa kwa kawaida huishi wiki nne hadi sita tangu ugonjwa utambuliwe. Prednisoloni peke yake humpa mwezi mmoja hadi miwili, baadhi zaidi kidogo. Doksorubisini peke yake huleta nafuu kwa zaidi ya nusu ya mbwa, na muda wa kuishi huwa karibu miezi sita hadi minane. Dawa nne huleta nafuu kwa mbwa wanane hadi tisa kati ya kumi, na wenye limfoma ya chembe B huishi takribani mwaka mmoja, wakati wale wa chembe T mara nyingi hubakia kwenye miezi sita hadi tisa. Takwimu hizi ni za katikati: nusu ya mbwa huishi chini ya hapo na nusu huishi zaidi, na kati ya wanaopata dawa nne, kama mmoja kati ya watano hufikisha miaka miwili. Mimi nilifanya kosa la kuzisoma kama ahadi, nikaandika tarehe kwenye kalenda, na kwa wiki mbili nilikuwa ninamtazama mbwa mzima nikimhesabia siku. Nilipoifuta ile tarehe nyumba yote ilipumua.

Nafuu, katika lugha ya madaktari hawa, haimaanishi kupona. Maana yake ni kwamba tezi zimerudi ukubwa wake wa kawaida na mbwa anaishi kama hana ugonjwa, ingawa chembe chache zimebaki mwilini. Ugonjwa ukirudi, tiba inaweza kurudiwa, lakini nafuu ya pili kwa kawaida huwa fupi kuliko ya kwanza.

Siku ya tatu na siku ya nane

Watu wengi hukataa tibakemikali kwa sababu wamemuuguza mtu. Mama yangu alitibiwa saratani, na picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya beseni kando ya kitanda na kitambaa kichwani. Kwa mbwa lengo ni tofauti na kwa hiyo kipimo cha dawa ni tofauti. Kwa binadamu daktari hukubali mateso makubwa ya miezi michache ili mgonjwa apate miaka mingi. Kwa mbwa, ambaye hawezi kuelezwa kwa nini anateseka, kipimo huwekwa chini kwa makusudi ili maisha yake yabaki mazuri wakati wote wa tiba. Ndiyo maana wengi hawapati madhara yoyote au hupata madogo ya siku mbili, na wanaohitaji kulazwa kwa sababu ya dawa ni wachache, kama mmoja katika 20.

Madhara yenyewe yana kalenda yake, na kuijua kalenda hiyo kunatuliza moyo kuliko maneno ya kufariji. Siku ile ya sindano mbwa hurudi nyumbani akiwa amechoka tu. Kuanzia siku ya pili hadi ya tano ndipo tumbo linapoweza kusumbua: hamu ya chakula hupungua, anatapika mara moja au mbili, au anaharisha. Doksorubisini ndiyo inayosumbua tumbo zaidi katika kundi hili, wakati vinkristini wakati mwingine hufanya matumbo yawe mazito, mbwa akakaa bila kula na bila kupata choo. Omba dawa ya kuzuia kichefuchefu uende nayo nyumbani siku ileile, usingoje usiku wa tatu ndipo uanze kuitafuta. Wali mlaini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mifupa, kidogo kidogo mara nne kwa siku, ndicho chakula kilichomfaa Jimi.

Kuanzia siku ya saba hadi ya kumi hatari hubadilika. Sasa tumbo limetulia na mbwa anaonekana yuko sawa, lakini chembe nyeupe za damu zimeshuka mpaka chini kabisa, na bakteria wake mwenyewe wa utumbo wanaweza kuingia kwenye damu. Mbwa mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likivuka 39.4 katika siku hizi, na hasa akiwa amelala tu na hataki chakula, hiyo ni dharura ya saa ileile, hata kama ni Jumapili usiku, kwa sababu antibiotiki na dripu zikiwahi mbwa wengi huinuka, na zikichelewa anaweza kufa ndani ya siku moja. Kipimajoto cha kuweka kwenye njia ya haja kubwa kinagharimu kidogo mno kuliko kitu kingine chochote katika safari hii, na ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Kwa sababu hiyohiyo damu hupimwa kabla ya kila sindano. Chembe nyeupe zikiwa chache mno, tiba husogezwa mbele kwa siku kadhaa au wiki, na hilo halimaanishi kwamba tiba imeshindwa.

Usimpe paracetamoli, ibuprofeni wala diklofenaki kwa ajili ya homa hiyo. Kwa mbwa hizi ni dawa za hatari hata akiwa mzima, na diklofenaki au ibuprofeni pamoja na prednisoloni huweza kutoboa tumbo.

Manyoya ni jambo dogo zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Mbwa wetu wengi hawanyonyoki. Hupoteza sharubu na ule upara wa kipande kilichonyolewa kwa ajili ya sindano huchelewa kuota. Aina ambazo manyoya yake hukua bila kukoma, kama Poodle, ndizo zinazonyonyoka kweli.

Kila dawa ina doa lake la pekee, na hapa ndipo njia ya kwanza na ya pili zinapotofautiana. Saiklofosfamidi, iliyo katika dawa nne tu, inaweza kuichubua kibofu, mbwa akawa anakojoa damu mara kwa mara kwa uchungu. Ndiyo maana hutolewa asubuhi, maji yakiwa tele, na mbwa akitolewa nje kukojoa kila baada ya saa chache. Doksorubisini huudhuru moyo kidogo kidogo na madhara hayo hujilimbikiza, hivyo kuna kikomo cha jumla ya dawa kwa maisha yote ya mbwa, ambacho wengi hukiweka kati ya miligramu 180 na 240 kwa kila mita ya mraba ya mwili; sindano tano za miligramu 30 hufika 150, na CHOP yenye doksorubisini mara nne hufika 120. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo tangu awali hafai kwa njia ya pili, wala kwa CHOP yenye doksorubisini, na kwake mpango wa dawa nyingi usio na doksorubisini unaweza kuzungumzwa. Doksorubisini na vinkristini zote mbili, zikivuja nje ya mshipa, huunguza nyama, na doksorubisini hufanya kidonda kinachoweza kuula mguu. Kwa hiyo branula mpya (kimrija cha kwenye mshipa) huwekwa kwa mchomo mmoja, bila kubahatisha, na mbwa mkorofi hupewa dawa ya kumtuliza. Ukiona daktari anarudia kuchoma mshipa uleule mara ya tatu, una haki ya kuomba tiba iahirishwe.

Iko tahadhari moja kwa wenye Collie, Australian Shepherd na baadhi ya German Shepherd. Wapo miongoni mwao wenye kasoro ya jeni inayowafanya washindwe kuitoa vinkristini na doksorubisini mwilini kama wengine, na hao huhitaji kipimo kilichopunguzwa. Kasoro hiyohiyo huwafanya waugue vibaya kwa ivermektini, kwa hiyo ikiwa mbwa wako aliwahi kuyumba au kupooza baada ya sindano ya ivermektini, mweleze daktari kabla ya siku ya kwanza.

Na njia ya tatu nayo ina madhara, ingawa huitwa njia laini. Mbwa wa prednisoloni hunywa maji ndoo kwa ndoo, hukojoa ndani usiku, hula bila kushiba, huhema hata kwenye ubaridi, na misuli ya mapaja hunyong'onyea. Baadhi ya familia huchoka na hilo kuliko wanavyochoka na sindano.

Nyumba na watu waliomo

Dawa hizi hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi, hasa katika saa 48 hadi 72 za mwanzo. Anayesafisha avae glavu, amwage maji mengi mahali mbwa alipokojoa, matambara yafuliwe peke yake, na watoto wasicheze pale. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha asishike kabisa, wala asiguse vidonge vya saiklofosfamidi, ambavyo pia havivunjwi wala kusagwa na mtu yeyote.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi anayesafisha banda si yule aliyeketi mbele ya daktari. Ni dada wa kazi au kijana wa bustani, na mara nyingi hakuna anayemweleza kwa nini wiki hii banda lina hatari. Aambiwe wazi, anunuliwe glavu zake, na kama ni mjamzito kazi hiyo ahamishiwe mtu mwingine bila kupunguziwa chochote. Nyumba ambayo haiwezi kutimiza hilo, kwa maoni yangu, iegemee njia ya pili, ambayo ina siku chache zaidi za tahadhari, au ya tatu ambayo haina kabisa.

Umbali, fedha na dawa zinazopatikana

Vinkristini, doksorubisini, saiklofosfamidi na prednisoloni ni dawa za binadamu, nazo zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo zinaingia nchini hata kama kliniki ya mifugo haina akiba. Tatizo huwa ni nani mwenye ujuzi na vifaa vya kuziandaa kwa usalama. Hospitali za kufundishia za vyuo, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Marekani iliidhinisha mwaka 2021 dawa ya rabakfosadini mahususi kwa limfoma ya mbwa, nayo hutolewa kila baada ya wiki tatu, lakini uamuzi usiujenge juu ya dawa ambayo daktari wako hawezi kukuonyesha.

Kipimo huhesabiwa kwa eneo la mwili. Mbwa wa kilo 20 ana takribani mita za mraba 0.74, kwa hiyo sindano yake ya doksorubisini ni kama miligramu 22. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba gharama kubwa mara nyingi haitokani na dawa yenyewe. Inatokana na idadi ya miadi, vipimo vya damu, usafiri, na akiba ya siku mbaya moja ambayo mtu hakuipangia. Omba hesabu ya maandishi ya mpango mzima, siyo ya sindano ya kwanza, na iwe na mstari wa kulazwa siku mbili kwa homa. Kama fedha ulizo nazo zinatosha nusu ya CHOP, bora ukamilishe doksorubisini.

Nani achague nini

Mbwa aliye mchangamfu, mwenye limfoma ya chembe B, katika nyumba iliyo karibu na kliniki na yenye mtu wa kumshughulikia kila wiki, apewe dawa nne. Hapo sina shaka, na umri peke yake usiwe kizuizi, maana mbwa mzee mwenye figo na moyo mzuri huvumilia dawa hizi vizuri. Mbwa aliyekwisha kudhoofu, anayetapika, mwenye kalsiamu iliyopanda katika damu au anayepumua kwa shida, ana matokeo mafupi zaidi kwa njia yoyote. Kwake ningejaribu sindano moja na kusikiliza mwili wake utasema nini. Tibakemikali si kiapo, na unaweza kuisimamisha baada ya sindano ya kwanza. Naye anayechagua prednisoloni kwa sababu hana uwezo wa zaidi, au kwa sababu mbwa wake huingiwa na hofu ya kutetemeka kila anapoona koti jeupe, hajamsaliti mbwa wake. Ninachomwomba ni kwamba achague hivyo akijua, wala asijikute huko kwa bahati mbaya ya kidonge cha jirani.

Mimi niliishi mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kliniki, na nilichagua doksorubisini. Tezi za Jimi zilirudi ukubwa wa kawaida kabla ya sindano ya pili. Baada ya sindano ya kwanza alikojoa mkojo wa rangi ya machungwa mekundu, kwa rangi ya dawa tu, na niliogopa bila sababu kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha. Alitapika baada ya sindano ya tatu, akapata homa mara moja, siku ya nane baada ya ile ya nne, na dripu ya usiku mmoja ikamtosha. Miezi saba baada ya siku ile ya kola, tezi zilivimba tena, na hapo ndipo nilipompa prednisoloni, kwa wakati wake.

Daktari alinishauri niandike vitu vitatu ambavyo Jimi alivipenda kuliko vyote, kisha kila jioni niweke alama. Niliandika: kula kabla sahani haijatua chini, kukimbia getini kwa pikipiki, na kulala mlangoni pangu badala ya bandani. Kwa wiki tano alama zilikuwa tatu kila siku. Katika wiki ya sita alibaki na moja, ile ya mlangoni, na ilipofika siku ya tatu ya alama moja nilimpigia daktari simu aje nyumbani.